Diski ya Mwalimu Onsongo

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni Syprose Oyoo, mpiga chapa, mwezi wa Agosti mwaka 1999, jikoni kwa mke wa Mwalimu Onsongo huko Kebirigo, akimenya ndizi na bila kuinua macho. Waliokuja kuisimulia baadaye wameitia chumvi. Wengine wameongeza usiku wa manane, wengine paka mweusi, na yuko mmoja wa Nyaramba anayeapa kwamba diski ilitoa damu. Hapakuwa na paka wala damu. Ilikuwa mchana, mjini Kisii, Novemba 1997, mwaka wa ile mvua iliyobeba madaraja, na aliyehusika hasa ni Thadeus Ombui, fundi wa kompyuta.

Thadeus alikuwa na umri wa miaka thelathini, cheti cha miezi tisa kutoka Nairobi, na dharau ya kuwatosha watu mia. Alifanyia kazi chumba cha nyuma katika duka la vifaa vya umeme la Bhupendra. Aliwadharau makarani waliozivika mashine vitambaa vya kufuma kama makochi ya harusi. Alimdharau mwalimu mkuu mmoja aliyeuliza kama virusi vya kompyuta vingeweza kumwingia ng'ombe. Alimdharau Bhupendra kwa kuendesha duka kwa penseli, na Syprose, aliyekaa chumba cha mbele, kwa kuendelea kugonga taipureta "kama mtu anayetwanga mtama." Lakini aliyemdharau kuliko wote alikuwa wa tumbo moja naye: kaka yake Nyangau, aliyeachia masomo darasa la sita ili alime, Thadeus asome.

Kila Alhamisi Nyangau alishuka kutoka Nyaramba na mkungu wa ndizi begani, akasimama mlangoni mwa duka na buti zake za mpira zenye matope.

"Bwairire, ominto," alisema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Habari za jioni, ndugu yangu.

"Pitia nyuma," Thadeus alijibu chinichini kwa Ekegusii, lugha yao ya nyumbani. "Wateja wanaona."

Nyangau alicheka, akapitia nyuma.

Jumanne moja alifika Mwalimu Onsongo, mwalimu mkuu mstaafu, na diski ngumu ya kompyuta yake ndani ya kasha la chupa ya chai, imefungwa kwa skafu ya mkewe. Radi ilikuwa imepiga Kebirigo Jumapili, na tangu hapo mashine iliandika kwamba haioni diski yoyote. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na ukoo wake wote: majina elfu moja mia nne na kumi na mawili, aliyoyakusanya kwa miguu kwa miaka tisa, kutoka kwa wazee ambao sasa karibu wote walikuwa chini ya udongo. Desemba, vijana wakishatoka jandoni, ukoo ungekutana kusomewa. Kama majina yangepotea, hapakuwa na mtu wa kuyarudisha.

"Nakala iko wapi, Mwalimu?" Thadeus aliuliza.

Mwalimu akatoa faili la kadibodi. Ndani yake kulikuwa na flopi kumi na mbili zilizopangwa vizuri, kila moja imetobolewa matundu mawili na kupitishwa uzi.

Thadeus alicheka hadi akashika meza. "Syprose! Kuja uone! Mwalimu ametoboa flopi kama barua ya uhamisho!"

"Karatasi isiyofungwa hupotea," Mwalimu alisema. Alikuwa amefungua mafaili kwa miaka thelathini na minne na hakuona cha kuchekesha.

"Na hizi umezifunga zikakufa. Daftari zako je?"

"Nilimruhusu mama watoto awashie moto. Tuliambiwa mashine haisahau."

"Ni mjinga gani alikuambia hivyo?"

"Ni wewe, bwana Ombui. Siku uliponiwekea."

Syprose alirudi kwenye taipureta yake akiwa amefumba mdomo. Alijua, kama Thadeus alivyojua, kwamba shule tatu za Nyamira zilikuwa zinangoja kuona mashine ya Mwalimu itafika wapi kabla ya kumpa fundi huyu kazi. Walimu wakuu watatu walikuwa wamesema watapita Alhamisi saa kumi wajionee.

Thadeus akaanza kutafuta ugonjwa, na katika hilo asidhulumiwe: kazi aliijua. Alibadilisha waya wa umeme. Alibadilisha ule waya bapa wa kupitishia habari. Akaiweka diski kwenye mashine nyingine, na mashine hiyo nayo haikuiona. Akaigeuza chali. Tumboni mwa kila diski kuna kibao cha kijani chenye saketi, na juu ya kibao hiki kulikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya pilipili manga.

"Majina yako ni mazima," alisema. "Kilichokufa ni hiki kibao. Nikipata diski pacha, nitatoa chake nikuwekee."

Pacha alikuwepo. Jigar, mpwa wa Bhupendra, alikuwa ameleta mashine kumi kuukuu kutoka Mombasa, zimerundikwa stoo. Katika mashine ya saba Thadeus akakuta diski ya aina ileile. Juu ya kibao chake palikuwa pamebandikwa ukanda wa karatasi iliyogeuka rangi ya chai, umeandikwa kwa wino mwekundu, herufi za Kiarabu, mistari saba.

"Hiyo ni nini?" Syprose aliuliza kutoka mlangoni.

"Stika ya watu wa bandari."

"Stika gani inaandikwa kwa mkono? Thadeus, hiyo kitu imefungwa na mtu. Iwache."

"Wewe andika barua zako." Akatia kidole gumba mdomoni, akailowesha karatasi kwa mate, akaisugua hadi ikatoka vipandevipande, akajipangusia suruali.

Chumba kikanuka udi, na chini ya udi, nywele zilizoungua.

Alifungua skrubu, akahamisha kibao, akakifunga kwenye diski ya Mwalimu. Kabla hajachomeka waya wowote, diski ilikuwa na joto mkononi mwake, joto la yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku. Akaitazama taa ya mezani, akaona hiyo ndiyo sababu. Taa ilikuwa imezimwa.

Mashine ikaiona diski mara moja. Majina yakajipanga kwenye skrini, na Mwalimu akavuta kiti, akaanza kuyasoma kwa sauti, kidole kikifuata: Getenga mwana wa Moseti, Masaki mwana wa Getenga. Diski ikalia: *tik*. Alipofika mstari wa tano kidole kikasimama. Palikuwa peupe.

"Hapa palikuwa na mtu," Mwalimu alisema.

"Sehemu mbovu tu. Nani?"

Mwalimu akafungua mdomo. "Ni ndugu ya babu yangu. Aliyenifundisha kutundika mizinga ya nyuki. Alikuwa anaitwa..." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta umetoboka. "Uzee huu."

Thadeus akaianzisha ile programu ya kukagua diski na kutengeneza sehemu mbovu. Diski ikawa inalia polepole kama mtu anayevunja karanga kwa meno: *tik*, kimya, *tik*. Mwalimu alikataa kuondoka. Mvua ikanyesha, Jumanne ikaisha, Jumatano ikaja, na Mwalimu akarudi akakaa palepale.

Jumatano mchana Bhupendra aliingia chumba cha nyuma, akaegemea mlango. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa msiba.

"Thadeus. Mimi nasimama hapo dukani, nataka kuita mama wa nyumba alete chai. Jina hapana kuja."

"Mzee umechoka."

"Miaka thelathini na moja tumeoana! Yeye nasimama mbele yangu, nauliza, Bhupendra, umeona nini? Mimi natazama mdomo yake tu." Nyuma yake, mkewe Meena alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Na hii chumba yako nanuka. Nini naungua?"

"Hakuna kinachoungua."

*Tik.*

"Bwana Ombui," Mwalimu alisema kutoka kitini, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuisikia. "Yule anayenipikia. Yule tuliyezaa naye. Anaitwaje?"

Wala Thadeus hakujua, ingawa alikuwa amekula ugali wa mama huyo mara nyingi. Lakini Syprose alijua. Taipureta yake ilikuwa imempigia kelele siku mbili mfululizo, hata hakuwa amesikia mlio mmoja wa diski ile. Akasimama mlangoni, akasema, "Anaitwa Kemuma, Mwalimu. Mkeo Kemuma." Mwalimu akalirudia jina hilo mara tatu kama mtoto wa darasa la kwanza; diski ikalia, na likamtoka tena.

Thadeus akaivuta plagi ukutani. Skrini ikafa. Diski haikufa. *Tik.*

Syprose hakungoja zaidi. Alipanda Nyaramba jioni hiyo kwa Nyamoita, mwaguzi, mwanamke mfupi asiyependa maneno. Alhamisi asubuhi akarudi na ujumbe. "Amesema mambo yetu anayajua, hili si letu, ni mgeni. Amesema ni ombaomba, na ombaomba hafukuzwi kwa kupewa. Msimpe kitu. Mvunje hiyo diski kwa nyundo. Kilichomo kitapotea, lakini vichwa vya watu vitarudi. Yeye mwenyewe anakuja mchana kuhakikisha."

Wote wakamtazama Mwalimu Onsongo, kwa maana miaka tisa ilikuwa yake. Mwalimu hakuchukua muda.

"Vunja," alisema. "Wafu wamekwisha kutajwa wakati wao. Mimi nataka kumwita mke wangu." Akachukua kofia yake, akaenda zake Kebirigo.

Nyundo ilikuwa mezani. Thadeus akaishika, akafikiria walimu wakuu watatu wakija saa kumi na kukuta vipande vya bati, na yeye akiwaeleza kwamba ameshindwa na jini kwa ushauri wa bibi wa Nyaramba. Akaiweka chini. Huo ndio ukweli, na hakuna haja ya kumtafutia sababu nyingine.

Watu hudhani mambo haya huja na giza la usiku. Jini hili lilisema saa tisa mchana, mvua ya mawe ilipoangukia mabati na mji ukawa rangi ya shaba. Syprose alikuwa chumba cha mbele. Thadeus alikuwa peke yake na diski isiyo na waya.

"Fundi," ilinong'ona. Ilikuwa sauti kavu, kama ya mtu anayesema na mchele mbichi mdomoni. "Umenifungua kwa mate. Ndiyo adabu ya huku?"

"Nani?"

"Hata kuuliza hujui. Kiswahili chako chakwaruza kama sufuria sakafuni. Mimi nimekaa miaka sitini katika nyumba yenye baraza na ua, nikafungwa na mtu aliyesoma hadi macho yakapofuka. Na leo nafunguliwa na nani? Na wewe. Miezi tisa Nairobi."

Thadeus, Syprose alisema, maana fundi alimsimulia mwenyewe baadaye, na hilo ndilo lililomchukiza kuliko yote, hakuogopa kwanza. Aliona ametukanwa. "Cheti changu kina muhuri," alisema.

Diski ikacheka, na udi ukajaa chumbani mpaka taa ikaonekana mbali.

"Nina majina yao wote. Ya wafu, makavu, kama kula maganda. Nipe moja bichi, la mtu aliye hai, nami nitakurudishia yote, ya mzee na mkewe, ya Mhindi na mkewe, mstari kwa mstari, kabla ya wageni wako kufika. Nitashiba, niende zangu."

"La nani?"

"La mtu usiyemhitaji. Hao unao wengi."

Hapo ndipo hofu ilipompata, kwa sababu mawe yalikuwa yanapiga mabati kwa kishindo cha kuzima mawazo na bado alikuwa anausikia mnong'ono ule waziwazi, si masikioni bali nyuma ya meno yake, na skrini isiyo na umeme ilikuwa imeanza kung'aa kidogo kidogo kama jicho la ng'ombe gizani, na katika mng'ao huo aliwaona watu wake wakipita mmoja mmoja, Bhupendra aliyempa chumba, Syprose, mama yake, mchumba aliyekuwa anamtaka, kila mmoja akiwa na kazi ya kumfanyia, mpaka akamwona mmoja aliyekuwa wakati huo huo anapanda kilima cha mjini na mkungu begani, anayekuja kudondosha matope mlangoni saa kumi kamili mbele ya walimu wakuu watatu na kumwita ndugu yangu kwa sauti ya shambani.

Mvua ya mawe ikakatika ghafla. Syprose, aliyekuwa ameacha kugonga, alisikia kupitia ukuta wa mbao.

"Nyangau," Thadeus alisema, kama mtu anayetupa ganda.

"Na jina la baba."

"Nyangau mwana wa Ombui."

"Na la mama aliyewanyonyesha nyote wawili."

Kisha, kwa sauti ya chini, akalitaja na hilo.

*Tik.*

Kemuma anasema ilikuwa saa tisa na nusu, maana redio ilikuwa imetoka kutangaza, Mwalimu alipomwita jina lake kutoka uani kwa nguvu, hata kuku wakatawanyika. Dukani, Bhupendra alisema "Meena" na kukaa chini juu ya gunia la misumari. Thadeus akachomeka waya, na majina elfu moja mia nne na kumi na mawili yakajipanga kwenye skrini bila pengo hata moja. Harufu ilikuwa imeondoka. Diski ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Nyundo yenu!" alimwambia Syprose, huku akinakili. "Kama ningewasikiza nyinyi! Lilitaka jina tu, nikalipa."

"Jina la nani, Thadeus?"

Akafikiri. "Mtu fulani. Hata simkumbuki. Hakuwa na maana."

Walimu wakuu walifika, wakaona, wakampa mkono. Nyamoita akaingia nyuma yao, ameloa, na mfuko wa kiondo kifuani. Alinusa mara moja tu.

"Limekula," alisema. "Mmelipa nini?"

"Mama, hapa ni ofisi," Thadeus alisema. "Mimi ni fundi. Nimetengeneza."

Nyamoita alichukua nyundo, akaipiga diski mbele ya wageni mara tatu, vioo na bati vikaruka. Hakuna kilicholia. "Lishaenda," alisema. "Lililoshiba halina haja ya kukaa." Akamtemea fundi miguuni. Walimu wakuu wakatazama dari.

Ndipo mlango ukajaa mtu. Buti za mpira, mkungu begani, maji yakimtiririka puani.

"Bwairire, ominto!"

Thadeus aliinua uso. Alimtazama kama mtu anavyotazama nguzo ya simu, kisha akajibu kwa Kiswahili, kile cha mjini, anachotumia kwa wageni asiowajua. "Ndiyo, mzee. Ndizi hatununui hapa."

Syprose alisimama. Nyamoita alisimama. Walingoja Nyangau apige kelele, amshike nduguye shati, amuulize ana nini.

Nyangau alicheka. "Sawa," alisema, "nitapitia nyuma." Na akapitia nyuma.

Hilo ndilo lililomfanya Syprose anyamaze karibu miaka miwili kabla ya kusimulia. Kwa wiki tano, kila Alhamisi, Nyangau alileta ndizi na kufukuzwa kwa Kiswahili, na hakuona kwamba kuna lolote lililobadilika. Alikuwa amezoeshwa vizuri mno. Syprose alijaribu kumwambia. Nyangau alimjibu kwamba ndugu yake ni msomi na ana mambo mengi. Alikuja kujua Krismasi, nyumbani, Thadeus alipomwuliza mama yao mbele ya watu wote kibarua huyu anayekula nao mezani analala wapi. Mama alimpiga kofi. Alimtajia jina la kaka yake, akalitaja tena na tena mpaka akalia, na Thadeus alitikisa kichwa kama mtu anayesikilizishwa lugha ya mbali.

Kitabu cha Mwalimu Onsongo, kilichochapwa kutoka nakala ya Thadeus, kilisomwa Desemba hiyo, kurasa mia moja na tatu, hakuna jina lililopungua. Mwalimu mwenyewe, alipoambiwa baadaye kililipiwa nini, hakukifungua tena. Alimwachia Kemuma akihifadhi.

Mwalimu Onsongo alifariki mwaka 2004. Nyamoita alimtangulia kwa mwaka mmoja. Bhupendra alifia Nairobi. Meena yu hai, kwa mtoto wake wa kike, na Jigar yuko ng'ambo. Mama yao Thadeus alifariki mwaka 2001, na wana wake wawili walisimama kaburini pande mbili. Kemuma yu hai, na kitabu anacho. Syprose yu hai, Oyugis. Nyangau yu hai, analima Nyaramba, na akiulizwa mama yake alizaa wana wangapi wa kiume hujibu wawili. Thadeus naye yu hai, ana duka kubwa Nairobi, na akiulizwa hivyo hivyo husema alizaliwa peke yake.